Bwana, na Huyu Je?

Tarehe 16 Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum na maaskofu wenzake wa Kanisa la Uganda waliitwa kwenye hoteli ya Nile Mansions mjini Kampala, wakasimamishwa mbele ya kundi kubwa la askari, huku silaha ambazo serikali ya Idi Amin ilidai kuwa ni za waasi zikiwa zimepangwa mbele ya watu wote. Yalisomwa maelezo marefu ya tuhuma, askari wakapaza sauti kwamba wauawe. Askofu Festo Kivengere wa Kigezi, aliyekuwa karibu naye, alisimulia baadaye kwamba Luwum alimnong'oneza maneno machache: watu hawa watamuua, naye haogopi. Kisha maaskofu wakaruhusiwa kwenda zao, isipokuwa Askofu Mkuu peke yake, ambaye aliambiwa kwamba Rais anataka kumwona.

Kivengere hakuondoka mara moja. Alibaki nje akimngoja kiongozi wake mpaka alipoamriwa kwenda. Kesho yake ikatangazwa kwamba Luwum amekufa kwa ajali ya gari pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth Ofumbi. Ni wachache walioiamini habari hiyo, na walioona mwili walizungumza juu ya matundu ya risasi. Siku chache baadaye Kivengere na mkewe Mera, wakiwa wamekwisha kuonywa kwamba yeye ndiye anayetafutwa sasa, walipanda milima ya Kigezi kwa miguu usiku na kuvukia Rwanda.

Mmoja alibaki akafa, mwingine akaondoka, akaishi miaka kumi na moja zaidi. Wote wawili walikuwa watoto wa Uamsho wa Afrika Mashariki, ile harakati ya toba na wokovu ndani ya makanisa, wote walikuwa wameweka sahihi zao kwenye barua ileile ya maaskofu kwa Amin, na wote walikuwa wakimhubiri Yesu yuleyule. Nimekuwa nikilifikiria jambo hili tangu mwezi Februari, kijana mmoja wa jumuiya yetu hapa Dodoma alipouliza, bila kupindisha maneno, kama haki haitutaki tumwite yule wa pili mtu wa mshahara.

Niseme kwanza kwamba Kivengere si mgeni kwetu. Kabla ya kuwa askofu alifundisha miaka mingi katika Shule ya Sekondari ya Alliance mjini Dodoma, ile iliyokuja kuitwa Mazengo, ambayo majengo yake leo ni ya Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana. Ndiye pia aliyesimama Moshi mwaka 1960 akimtafsiria Billy Graham kwa Kiswahili. Kwa hiyo kijana yule alipouliza, wazee waliokuwapo waligeuka kumtazama kama mtu aliyemtukana baba wa nyumba. Lakini swali lake lilikuwa na msingi. Alikuwa amesoma Injili ya Yohana sura ya 10, ambapo Yesu anasema kwamba mchungaji mwema huutoa uhai wake kwa ajili ya kondoo, na kwamba mtu wa mshahara humwona mbwa-mwitu anakuja, akawaacha kondoo na kukimbia. Akiwekwa pembeni ya andiko hilo, askofu anayevuka mpaka usiku anaonekana vibaya.

Mama mmoja akamjibu kwa Mathayo 10, ambapo Bwana huyohuyo anawaagiza mitume kwamba wakifukuzwa katika mji mmoja wakimbilie mwingine. Mwingine akamtaja Paulo. Huko Dameski Paulo aliteremshwa ukutani usiku ndani ya kapu ili asiuawe, na hakuna anayemwita mwoga. Huko Filipi milango ya gereza ilipofunguka yenyewe na minyororo ikalegea, hakutoka, bali alimpigia kelele mlinzi aliyetaka kujiua kwamba asijidhuru kwa maana wote wapo. Ni mtu yuleyule na wito uleule. Ukitaka kuitoa kanuni katika matukio hayo mawili, kwamba mfuasi wa kweli hubaki, au kwamba mwenye busara huondoka, Paulo mwenyewe atakukatalia.

Mazungumzo yakaisha hapo, maana chai ilikuwa tayari na mwenye nyumba hakupenda ipoe. Mimi nilirudi nyumbani nikiwa sijaridhika, kwa sababu kumshinda kijana kwa maandiko si kumjibu. Jibu nililolipata baadaye limo mwishoni mwa Injili ileile aliyoinukuu yeye. Katika Yohana 21 Yesu amekwisha kumwambia Petro kwamba atakapokuwa mzee mwingine atamfunga na kumpeleka asikotaka, akionyesha namna atakavyokufa, kisha akamwambia, "Nifuate." Petro akageuka, akamwona yule mwanafunzi mwingine, akauliza, "Bwana, na huyu je?" Akajibiwa kwamba ikiwa Bwana anataka huyo akae hata ajapo, hilo linamhusu nini yeye. "Wewe unifuate mimi."

Nadhani tumelisoma andiko hili mara nyingi kama kemeo kwa umbea, nalo kweli ni kemeo kwa umbea. Lakini tazama linavyogawa mambo. Kufa kumeandikwa upande wa Petro, kukaa kumeandikwa upande wa yule mwingine, na amri ni moja tu, ya kufuata. Kubaki na kuondoka havikupewa cheo chochote katika maneno hayo. Sisi ndio tunaovipa cheo, na mara nyingi tunafanya hivyo baada ya kuona mambo yalivyokwisha: aliyebaki akafa tunamwita shahidi, aliyebaki akanona tunamwita kibaraka, aliyeondoka akafanikiwa tunasema Mungu alimwongoza, na aliyeondoka akaanguka tunasema tulijua.

Hata Luwum mwenyewe, kabla ya kifo chake, hakuwa salama mbele ya hukumu za namna hiyo. Wapo waliomlaumu kwamba anajisogeza mno kwa watawala. Alikuwa amechukua uaskofu mkuu mwaka 1974, miaka mitatu baada ya Amin kuipindua serikali, na alizoea kwenda ofisi za wakubwa kuwaombea watu waliokamatwa na wengine ambao jamaa zao hawakujua wako wapi. Ili uweze kuingia kwenye ofisi hizo lazima usalimiane na waliomo. Ndiyo maana mtu anayetazama kutoka mbali angeweza kuona kubaki kwake kama kuzoea. Yeye alijitetea kwamba dhamiri yake ni safi mbele za Mungu na kwamba hakuwa upande wa serikali ile; na akaendelea kwenda.

Kilichotokea mwishoni kinaonyesha kubaki kwake kulikuwa kwa namna gani. Usiku wa tarehe 5 Februari askari waliingia nyumbani kwake Namirembe wakidai kutafuta silaha, wakamwelekezea bunduki. Nyumba ya Askofu Yona Okoth wa Bukedi nayo ilipekuliwa. Maaskofu wakakaa wakaandika barua kwa Amin, na katika barua hiyo kuna hoja ambayo kila ninapoisoma naona ujasiri wake upya: kwamba bunduki iliyogandamizwa tumboni mwa Askofu Mkuu ni bunduki iliyoelekezwa kwa kila Mkristo katika Kanisa. Hawakuomba ulinzi wa maaskofu. Walilalamikia mauaji ya watu wasio na majina makubwa, na hofu iliyoifanya bunduki, ambayo raia alipaswa kuitegemea, kuwa ndiyo kitu anachokikimbia. Inasimuliwa kwamba waliompenda Luwum walimsihi aondoke nchini wakati njia ingalipo. Alijua barua ile imefika kwa nani, na alipoitwa tena, akaenda.

Sasa mrudie Kivengere. Huyu hakuwa amekaa kimya akisubiri nafasi ya kukimbia. Mwishoni mwa Januari, katika ibada ya kumweka wakfu askofu wa Ankole Magharibi, alihubiri mbele ya maofisa wa serikali juu ya thamani ya uhai wa mwanadamu, akawauliza viongozi wanayatumiaje mamlaka waliyopewa na Mungu. Kwa hiyo jina lake lilikuwa kwenye orodha kabla hajafikiria mpaka. Wenzake walimwambia kwamba askofu mmoja aliyekufa anatosha. Katika maneno hayo mimi sioni woga wowote. Naona Kanisa linalomtuma mtu wake nje kama vile ndugu wa Dameski walivyoshika kamba za lile kapu. Paulo hakujiteremsha mwenyewe.

Na aliyeondoka hakuacha msalaba mpakani. Kivengere amesimulia kwamba uhamishoni aligundua kuwa anamchukia Amin, na chuki hiyo ilikuwa inaikausha roho yake hata akiwa mimbarani. Katika ibada ya Ijumaa Kuu mwaka huohuo, katika kanisa la All Souls mjini London, yalisomwa maneno ya Yesu ya kuwaombea msamaha waliokuwa wakimsulubisha, na yeye akajiona ameulizwa kama Amin angekuwa mmoja wa wale wenye nyundo. Ndipo akaandika kile kitabu kidogo ambacho jina lake liliwashtua wengi, la kusema kwamba anampenda Idi Amin. Watu wa Uamsho wangesema alikuwa anatembea nuruni, maana yake ni kwamba hakuificha dhambi hiyo kwa sababu ilikuwa na visingizio vizuri. Luwum, aliyekufa siku ileile aliyoitwa, hakupewa nafasi ya kupambana na kumbukumbu. Aliyeondoka alibebeshwa miaka yake yote. Alitumia sehemu ya miaka hiyo kuwatafutia msaada wakimbizi wa Uganda, na utawala wa Amin ulipoanguka mwezi Aprili 1979 alirudi Kigezi, akalichunga jimbo lake mpaka alipofariki Nairobi mwaka 1988 kwa saratani ya damu.

Yupo na wa tatu, ambaye hatajwi sana. Baada ya Luwum kiti cha Askofu Mkuu kilikaliwa na Silvanus Wani, Mkakwa, wa kabila lile lile la Amin. Fikiria kupokea fimbo ya mtu aliyeuawa, ukiwa ndugu wa kabila la muuaji, na waumini wako wakiwa hawajui wakuangalieje. Hakuuawa wala hakukimbia. Aliongoza katika miaka miwili ya mwisho ya utawala ule na baada yake hadi 1983. Luwum ana sanamu juu ya mlango wa magharibi wa kanisa la Westminster Abbey mjini London na siku ya mapumziko ya kitaifa nchini Uganda kila tarehe 16 Februari. Kivengere ana vitabu. Wani alikuwa na kazi ya kila siku ya kuliweka Kanisa pamoja, na kazi ya namna hiyo haina sherehe.

Nimeyaandika haya pia kwa sababu maneno "kubaki" na "kuondoka" siku hizi tunayatumia sana makanisani kwetu, mara nyingi kwa mambo mepesi zaidi ya risasi. Huyu kahama Anglikana kaenda kwenye huduma ya mtume fulani, yule kabaki kwa sababu ya kaburi la babu yake na kiti chake cha baraza la kanisa. Wale wa Uamsho walilikabili jambo hili mapema. Mwaka 1941 wanafunzi zaidi ya ishirini wa chuo cha teolojia cha Mukono, wakiwamo William Nagenda na wenzake, walifukuzwa kwa kukataa kuacha mikutano yao ya maombi ya alfajiri. Walikuwa na kila sababu ya kuanzisha kanisa lao, na watu wa kuwafuata wasingekosekana. Wengi wao walibaki ndani ya Kanisa lililowafukuza, wakiimba "Tukutendereza Yesu", wimbo wao wa Kiganda wa kumsifu Yesu, kwenye viwanja vya makanisa ambayo wachungaji wake hawakuwapenda. Bila ubishi wao huo, sidhani kama Luwum aliyeokoka mwaka 1948 angefika kuwa askofu wa Kanisa hilo. Hata hivyo siwezi kulifanya hilo kuwa sheria kwa kila aliyekwazwa leo. Yapo makanisa ambayo mtu akibaki ndani yake anafundishwa kumwogopa mwanadamu kuliko Mungu, na wa huko sitamwambia avumilie.

Binamu yangu ni mwinjilisti katika mtaa mmoja huko Mpwapwa, posho yake haijalipwa kwa muda mrefu, na amepata nafasi ya kazi mjini katika shirika lisilo la kanisa. Alinipigia akiwa na hoja zake zote mkononi, za kubaki na za kuondoka, na niliona kwamba anataka nimhukumu ili apumzike. Nikamwambia, "Kaka, mimi sina neno kutoka kwa Bwana juu ya hilo." Nikamuuliza mambo mengine: kama kasisi wake anajua, kama wazee wa mtaa wameomba naye, ni nani atakayemtembelea yule bibi aliyepooza ambaye yeye humpelekea Ushirika pamoja na kasisi, na kama huko mjini atakuwa tayari kuulizwa habari za mtaa wake bila kukasirika. Akasema kasisi anajua, wazee hawajui, na la yule bibi hakuwa amelifikiria. Jumapili ijayo anakaa na wazee.