Mshenga Aliyetangulia

Somo: Mwanzo 24:1–27

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Mungu akipenda, mwezi ujao mimi na baba watoto tutaondoka hapa Karonga, Malawi, tunakotumika, kwenda Ujerumani. Kijana wetu wa kwanza anaoa. Visa tumeshaomba, bado tunasubiri. Aliyewahi kuiandaa safari hiyo anaujua mlolongo wake: barua ya mwaliko, taarifa ya benki, bima ya matibabu isiyopungua yuro 30,000, pasipoti ambayo muda wake hauishi ndani ya miezi mitatu baada ya kutoka huko. Meza yetu imejaa makaratasi, na pembeni yake nimekuwa nikiisoma Mwanzo 24.

Abrahamu hakwenda kumposea Isaka mwenyewe. Alikuwa mzee, akamtuma mtumishi wake awe mshenga, pamoja na ngamia kumi na zawadi, katika nchi ambayo yeye aliiacha alipoitwa na Mungu. Mtumishi akauliza swali la haki kabisa: je, binti akikataa kunifuata? Abrahamu hakumhakikishia kwamba atakubali. Alisema tu kwamba Bwana "atampeleka malaika wake mbele yako" (mstari wa 7), na binti asipotaka, mtumishi atakuwa amefunguliwa kiapo chake. Mzee hakumjua mkwe wake. Alimjua anayetangulia.

Kisha twende kisimani. Mtumishi anaomba, na hajamaliza maneno yake Rebeka anatokea, mtungi begani. Maana yake alikwisha kutoka nyumbani kwao kabla ombi halijaisha! Mstari huo wa 15 umenishika wiki hii yote. Mkwe wetu tumemwona kwenye simu tu. Hatujui alilelewaje, wala nani alimfundisha kusali. Lakini miaka yote tuliyokuwa tukimwombea kijana wetu mke mcha Mungu, huyu binti alikuwa anakua huko, na Bwana alikuwa naye.

Sisi Wamoraviani tuna sababu ya pekee ya kulitafakari hili. Wamisionari wetu walianza kutoka Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1732, na mwaka 1891 Injili ikafika Rungwe, kwetu Tanzania. Wengi wa watumishi wale waliwarudisha watoto wao Ulaya wakiwa bado wadogo, wakasome shule kama ile ya Kleinwelka, Ujerumani. Wako wazazi ambao hawakuwaona tena. Watoto walikua, wakaoa na kuolewa, na habari zikawafikia kwa barua. Siwezi kusema ilikuwa sawa mtoto wa miaka sita au saba kutengwa na mama yake. Moyo wangu unakataa. Ila nawaheshimu wazazi wale, kwa kuwa walikuwa na Mwanzo 24:7 tu, bila simu, wakaishika.

Wapo wapendwa wanaojiuliza kama nauli hii isingefaa zaidi kwenye kazi ya Bwana hapa. Nawajibu kwa upendo: Yesu alikwenda harusini Kana pamoja na wanafunzi wake, huduma ikiwa ndiyo kwanza inaanza, na ishara yake ya kwanza aliifanyia huko. Mzazi anayekwenda kumbariki mwanawe hajaitoroka kazi ya Bwana.

Akina mama wa hapa wameshatuletea doti mbili za kitenge kwa ajili ya bibi harusi na mama yake, na mfuko wa usipa mkavu, samaki wadogo kutoka ziwani. Mmoja wao aliushika mfuko ule, akawaombea wakwe zetu kwa Kingonde, akawataja majina yote mawili bila kukosea. Hajawahi kuwaona.

Tunaomba mtuombee visa itoke kwa wakati. Mwombeeni mzee wa kanisa atakayeshika ibada tukiwa hatupo, na binti yetu mdogo, atakayebaki kwa shangazi yake kwa sababu ya mitihani. Analia kidogo kila jioni. Wazazi wa bibi harusi nao muwakumbuke. Wanampokea mkwe kutoka mbali, na nina hakika wao pia wana maswali yao.