Nani alitia sahihi?

Jana usiku nimefuta kurasa arubaini na moja. Nimezifuta kwa mkono wangu mwenyewe, nimekaa kibarazani laptopu iko magotini, stima imepotea, betri inaelekea kuisha, nikachagua kuanzia katikati ya sura ya 5 hadi mwisho wa sura ya 7, nikabonyeza mara moja nikafunga. Wale mnaosoma hapa toka zamani mwaijua hii riwaya yangu ya upelelezi, kachero wa Mombasa, maiti imeokotwa Tudor, heroini, vijana wa mapanga, na kila mwezi mwaniuliza yatoka lini. Mwaka wa tatu huu. Leo wacha niwaambie kinachoendelea, manake kuna watu wanafikiri nimeiacha. Sijaiacha. Nilikuwa sijui kitu, ndio najifunza.

Nilipoanza kila kitu kilikuwa kichwani tayari. Kachero ana bastola kiunoni na gari ya kasi, mtu anafukuzwa kutoka Mwembe Tayari mpaka daraja la Nyali, risasi zinalia, mshukiwa anashikwa, anazabwa makofi mawili, anakiri, imeisha. Nikapiga fotokopi sura saba za mwanzo nikampelekea jirani yetu mmoja mzee, amestaafu, alifanya kazi ya upelelezi miaka mingi toka enzi zile bado wanaitwa CID kabla jina halijageuzwa likawa DCI. Mtaa mzima wamwita Afande mpaka leo. Mimi namwita Ami kwa sababu nimekulia mlangoni kwake.

Alikaa nazo wiki mbili. Siku ya kunirudishia aliniita tukanywa kahawa, akaziweka zile karatasi hapo mkekani bila neno. Zimejaa penseli. Na karibu kila ukurasa ameandika maneno yale yale, nani alitia sahihi?

Nikamwambia, "Ami, sahihi gani tena, mtu hapa yuwafukuza muuaji."

"Haya. Hii bastola kachero wako ameitoa wapi?"

"Chini ya kitanda cha yule kijana."

"Alikuwapo nani? Ameandika orodha ya vitu alivyochukua mle chumbani? Kijana ametia sahihi? Kuna shahidi ametia sahihi? Kituoni imeingia OB namba ngapi? Nani kaipokea, kaiweka wapi?"

Nikanyamaza.

"Basi mwanangu hiyo bastola haiko. Wewe waiona, mimi naiona, hakimu haioni."

Nikarudi nyumbani na karatasi zangu na tangu siku hiyo nikaanza upya. OB yenyewe tu ilinichukua muda kuielewa, ni lile daftari kubwa pale kaunta ya ripoti, kila kitu kinachoingia kituoni kinaandikwa na namba yake na saa yake, na kama jambo lako halimo mle basi huko mbele kila mtu atakuuliza ulikuwa wapi. Kutoka hapo kitu kinaanza safari. Bastola na maganda ya risasi hupelekwa Nairobi, makao makuu ya DCI Kiambu Road, kwa watu wa balistiki, wale wanaopima silaha na risasi. Damu inakwenda kwa Mkemia wa Serikali. Maiti iko mochari, daktari anaipasua, na kabla ya hapo lazima awepo mtu wa familia aseme ndiye huyu, na kila pahali kitu kinapobadilisha mkono kuna karatasi na kuna mtu wa kutia sahihi. Sasa wewe jiulize, afisa wa Mombasa ana bahasha ya maganda ya risasi, ana kesi nyingine kibao mezani, gari la kituo halina mafuta, na bahasha lazima ifike Nairobi. Wakili wa mshtakiwa hana haja ya kuthibitisha kwamba kuna kilichobadilishwa. Anauliza tu, hii bahasha kuanzia Jumanne hadi Alhamisi ilikuwa wapi? Basi. Zile siku mbili zinamtosha kabisa.

Mimi sijawahi kusoma kitu cha kutisha kama hizo siku mbili, nasema kweli. Nina ndugu yangu hunambia karatasi haziwezi kusisimua mtu. Namwambia njoo tukakae kortini siku moja.

Manake hicho ndicho nilichofanya, karibu mwaka mzima kila nikipata nafasi, Mombasa Law Courts pale mjini na Shanzu. Korti iko wazi kwa umma, unaingia unainama kidogo unakaa nyuma, simu unazima. Siku nyingi hakuna kinachotokea. Kesi inaitwa, prosekyuta anasimama anasema mashahidi hawajafika, IO, yaani afisa mpelelezi wa kesi, yuko kozi, IO amehamishwa, faili ya polisi haijaletwa, inapangwa tarehe nyingine, na ule muda wote wewe waangalia watu walioketi mabenchi ya mbele wanavyoshuka mabega. Kuna akina mama wanakuja na chupa ya chai na mahamri kwenye mfuko wa nailoni kwa sababu washajua watakaa mpaka saa saba. Karani anawajua kwa sura. Hao wote hawakuwemo katika riwaya yangu, hata mmoja. Nilikuwa nimeandika mji mzima wa Mombasa bila mtu anayesubiri.

Na ile ya makofi? Ami aliupiga mstari ukurasa mzima kutoka pembe hadi pembe. Nikaenda kusoma mwenyewe. Sheria ya Ushahidi kifungu cha 25A, mtu akikiri mbele ya yule anayepeleleza kesi yake hiyo haihesabiki, lazima akiri mbele ya jaji au hakimu, ama afisa mwingine mwenye cheo ambaye si mpelelezi wa kesi hiyo, na awe na mtu wa tatu aliyemchagua yeye mwenyewe mshukiwa. Kwa hivyo kachero wangu alivyompiga yule kijana pale sura ya 6 alikuwa anaiua kesi yake mwenyewe. Nilichokiandika kama ushindi kilikuwa ndio mwisho wa kesi, na hiyo mimi naiona ni hadithi kubwa zaidi kuliko ile niliyokuwa nayo, mtu mwenye hasira ya haki kabisa, maiti ameiona kwa macho yake, anainua mkono, na kwa ule mkono mmoja muuaji anatoka.

Halafu kuna saa 24. Katiba ya 2010 kifungu cha 49, ukishikwa ufikishwe kortini ndani ya saa 24, lakini kama hizo saa zinakwisha siku ambayo korti haikai basi ni mpaka siku inayofuata ya korti. Sasa mshike mtu Ijumaa jioni uone. Jumamosi na Jumapili zote yuko seli na ni halali. Hiyo nimeiweka. Tena nilikuwa nimeandika mshukiwa wa mauaji anasomewa mashtaka siku ya tatu anakana, kumbe kesi ya mauaji husikizwa Mahakama Kuu na kabla hajajibu mashtaka hupelekwa kwanza kupimwa akili, kwetu hapa ni hospitali ya Port Reitz, kwa hivyo ile siku ya kwanza familia zote mbili zimejaa mle ndani, zimefunga biashara, zimelipa nauli, na hakuna kinachosomwa.

Bahari nayo nilikuwa nimeikosea adabu. Maiti yangu ilitupwa Likoni usiku ikaokotwa Tudor asubuhi. Nikamweleza mvuvi mmoja wa Tudor, akaniangalia kama mgeni. Akanambia Likoni na Tudor ni milango miwili, kisiwa kiko katikati, maji ya Likoni yakijaa yaenda Kilindini na Port Reitz, huku hayaji. Akaniuliza, siku hiyo ilikuwa bamvua, maji makubwa, au maji mafu? Sikuwa nimefikiria. Maji mafu hayana nguvu ya kubeba mtu umbali huo kwa usiku mmoja, kama nataka ifike ndani ya Tudor basi itupwe upande wa Bandari ya Kale, maji yakianza kujaa, na iwe bamvua. Nimezaliwa hapa na sikujua. Sasa riwaya nzima nimeipanga kwa kalenda ya mwezi, kila sura najua maji yako vipi.

Huyo huyo ndiye aliyenishika kwenye jahazi. Niliandika jahazi la heroini linakuja mwezi wa saba kutoka pwani ya Makran, kule Iran na Pakistan. "Mwezi wa saba, na upepo wa kusi wote ule?" Nikanyamaza tena. Majahazi hutaka bahari ya upepo wa kaskazi, ama ile miezi ya katikati bahari ikitulia, na ukiangalia mambo yaliyotokea kweli utaona, meli ya kivita ya Australia, HMAS Darwin, ilikamata jahazi nje ya pwani yetu Aprili 2014 na kilo 1,032 za heroini zimefichwa katikati ya mifuko ya saruji. Aprili, kaskazi ishalala kusi haijashika. Mwaka huo huo mwezi wa nane serikali ikailipua baharini ile meli ya Amin Darya na heroini iliyokamatwa ndani yake, kilo kama 370 zilitajwa. Watu walishangilia. Mimi sasa nikikumbuka nawaza swali la Ami tu, maana ile meli ilikuwa kielelezo, yaani kitu cha ushahidi, na kesi yake ikaendelea kortini miaka mingi na kielelezo kiko chini ya bahari.

Nimesoma pia kesi ya kina Akasha, wale ndugu wa hapa Mombasa wa biashara ya dawa za kulevya, kila kilichoandikwa nilichoweza kukipata. Baktash na ndugu yake Ibrahim walishikwa hapa Mombasa Novemba 2014 baada ya mtego wa watu wa Marekani waliojifanya wanunuzi kutoka Kolombia, zilipelekwa kilo 99 za heroini na kilo 2 za methamfetamini. Wakapandishwa ndege kwenda Marekani Januari 2017. Watu wengi wakiisimulia wanaanza na ule mtego na wanamaliza na ile ndege, na hukumu ya New York, miaka 25 kwa mmoja na 23 kwa mwengine. Mimi nimekwama hapo katikati, zaidi ya miaka miwili ya kwenda na kurudi kortini hapa hapa kwetu, na wenyewe baadaye walikiri waliwahonga maafisa ili kesi ya kusafirishwa ivutwe. Nani alikuwa mle kortini asubuhi hizo? Karani aliyebeba faili alikuwa anawaza nini? Kulikuwa na afisa hata mmoja aliyekataa, na akifika nyumbani alimwambia nini mkewe? Riwaya yangu iko hapo sasa.

Kuna jambo sijawahi kuliandika hapa. Mtoto wa khalati wangu alikuwa draiva wa tuktuk. Usiku mmoja alibeba abiria watatu, wakamkata panga mkono wa kulia wakachukua pesa na simu. Mkono upo ila vidole havikunji. Alikuwa na P3, ile fomu ya polisi daktari anayojaza majeraha, OB namba anayo mpaka leo kwenye karatasi amekunja ndani ya kitambulisho. Simu ilipatikana, namba ya IMEI, ile ya kutambulisha simu yenyewe, ilikuwa ile ile ya kwenye boksi lake, kijana mmoja akashtakiwa wizi wa mabavu. Sisi tukaona mambo yamekwisha, simu ndiyo hii na mwenyewe ndiye huyu. Khalati alikwenda kortini mara kumi na nne, mimi nilimsindikiza mara mbili tu, na hiyo hainitoki rohoni. Mwishowe korti ikasema mshtakiwa hana kesi ya kujibu. Yule aliyesema aliuziwa ile simu aliacha kuja, afisa aliyeichukua alikuwa amehamishwa hakuja, na ile orodha ya siku simu ilipochukuliwa haikuwa na sahihi ya mtu yeyote. Kituo sikitaji. Khalati alitoka nje akauliza tu, "Kwani simu si ya mwanangu?" Hakuna aliyemjibu, hata mimi.

Miaka yote nilidhani kuna mtu alikula pesa. Pengine alikula. Lakini nilipoona ile penseli ya Ami ndio nikaelewa kwamba pia inawezekana ilikuwa ni afisa amechoka, saa nane usiku, amesahau kugeuza karatasi upande wa pili ampe mtu kalamu. Na mimi hilo la pili ndilo linaloniuma zaidi.

Basi ndio nimefuta. Hakuna tena kufukuzana darajani. Kachero wangu sasa hana gari, anapanda matatu kama sisi, mafuta ya gari la kituo ananunua na pesa yake akibahatika, ana daftari na kalamu mbili kwa sababu moja humpa shahidi atie sahihi. Namba za simu za wahusika anaziombea amri ya korti, na yale matokeo kutoka kwenye kompyuta anatafuta cheti cha kifungu cha 106B cha ile ile Sheria ya Ushahidi, bila hicho cheti yale makaratasi hayapokelewi. Nimeandika kurasa tisa tangu alfajiri. Amekaa korido ya Shanzu, bahasha iko mapajani, benchi la mbele kuna mama ana chupa ya chai. Saa nne na nusu kesi inaitwa na shahidi hajafika. Ami akitoka msikitini magharibi nampelekea.