Jambia, kanga na damu iliyovilia: wapi pa kuigia

Bibi wa Unguja wa mwaka 1890, kavaa kanga yenye jina kwa herufi za Kirumi. Kosa hilo hutokea mchoraji anapoiga picha ya kwanza aliyoiona kwenye simu. Majina ya kanga yalikuja mwanzoni mwa karne ya 20, tena yalianza kwa herufi za Kiarabu. Bibi huyo mpe kaniki, au kanga isiyo na jina.

Kanga yenyewe usiiige pichani. Azima doti nyumbani au kanunue sokoni Darajani, Unguja. Kipande ni kama sentimita 150 kwa 110, pindo linazunguka pande zote nne, mji uko katikati, jina liko sehemu ya chini ya mji. Mfunge mtu, msimamishe karibu na dirisha moja, zima taa. Mikunjo itaanzia pale ilipofungwa, chini ya kwapa, na kutawanyika kushuka. Ua nalo livunjike pale kitambaa kinapovunjika. Likibaki limenyooka, umechora karatasi ya ukutani.

Ukimpiga picha, rudi nyuma mita mbili au tatu kisha vuta kwa zumu. Ukimkaribia, pua na mkono wa mbele huvimba. Kwa mwili mzima, simu iwe usawa wa kitovu, la sivyo miguu inafupika.

Kwa mambo ya kale, mkusanyiko wa Humphrey Winterton wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, una maelfu ya picha za Afrika Mashariki za kuanzia miaka ya 1860, na unatazamwa kwenye intaneti. Ila tahadhari: sahani za picha za zama zile, yaani vioo vilivyopakwa dawa ya kunasa mwanga, hazikuuona wekundu, kwa hiyo kitambaa chekundu hutoka cheusi na buluu hutoka nyeupe. Kadi za posta zilizopakwa rangi kwa mkono ndizo mbaya zaidi. Aliyepaka huenda hakuwahi kukiona kitambaa chenyewe.

Jambia la Kiomani huvaliwa mbele, katikati ya mkanda, mpini juu. Halining'inii ubavuni kama upanga. Na ala hupinda kuliko ubapa wa jambia. Ukilichomoa kwa mpindo ule ule wa ala, umekosea.

Majeraha ndiyo yanayoharibiwa zaidi, maana picha nyingi za vitabu vya tiba ni za ngozi nyeupe. Kwenye ngozi yetu wekundu hauonekani sana. Anza na uvimbe na mng'aro wa ngozi iliyotanuka, kisha zambarau inayoelekea weusi. Siku zikipita, kingo huingia manjano na kahawia. Panga huacha kingo zilizonyooka. Rungu huchana ovyo, na pembeni pakachubuka. Damu hufuata mlalo wa mwili: aliyelala chali, ya kwenye paji huenda sikioni, haishuki kidevuni. Kwenye kanzu nyeupe hutambaa na nyuzi, na ikikauka ni kahawia, hivyo usimalizie na nyekundu ya chupa kwa jeraha la jana.