Mibuyu Mitakatifu ya Senegal

Anayesafiri kwa barabara kutoka Mbour kuelekea Joal, kusini mwa Dakar, hupita katikati ya mibuyu mfululizo, na kwa mtu aliyekulia Dodoma kama mimi mandhari hayo hayakuwa mageni hata kidogo. Kilichonishangaza ni jinsi Waserer, wenyeji wa eneo hilo, wanavyoishi na mti huo. Sisi husema kila shetani na mbuyu wake, na watoto wetu hukatazwa kucheza chini yake magharibi inapoingia. Kwa Waserer wanaofuata dini ya jadi, wanaohusishwa na miti ya namna hiyo ni Pangool, yaani mizimu ya wahenga, ambayo hufuatwa kwa heshima na kutolewa sadaka ya maziwa na mawele, wala haikimbiwi.

Mbuyu maarufu kuliko yote katika njia hiyo uko Fadial, karibu na Joal. Mwongozaji wetu alituambia kwamba mzingo wa shina lake ni meta 32 na kwamba umri wake ni miaka 850. Mgeni huingia ndani kwa kuinama kupitia tundu jembamba ambalo kingo zake zimelainika kwa kushikwa, kisha husimama wima gizani, huku harufu ya popo ikimjaa puani na mwanga kidogo ukishuka kutoka juu. Nje kuna vibanda vya vinyago na bangili, na wenye vibanda hawakubali mtu aondoke hivi hivi.

Kuhusu hiyo miaka 850, niliipokea kwa tahadhari, kwa sababu mbuyu ni mti mgumu kuukisia umri. Mtaalamu wa mimea Mfaransa Michel Adanson, ambaye jina lake ndilo lililopewa jenasi ya mbuyu, alifika Senegal mwaka 1749, akaona katika visiwa vya Madeleine, mkabala na Dakar, mibuyu iliyochongwa majina na mabaharia wa Ulaya wa karne zilizotangulia, na kwa hesabu zake akadai kwamba mibuyu mikubwa kabisa ingeweza kufikisha zaidi ya miaka 5,000. Vipimo vya kaboni vilivyofanywa katika miaka ya karibuni na Adrian Patrut na wenzake vimepunguza sana makisio hayo, kwani mbuyu mkongwe kuliko yote waliyoipima, uliokuwa Zimbabwe, ulikuwa na takriban miaka 2,450. Watafiti hao walionyesha pia kwamba mibuyu mingi mikubwa ni vigogo kadhaa vilivyoota kwa duara vikashikana, na kwamba uwazi wa ndani mara nyingi ni nafasi iliyobaki kati ya vigogo hivyo, haukutokana na kuoza. Kwa hiyo unene peke yake haumwambii mtu mengi.

Nafasi hizo za ndani ndizo zilizokuwa makaburi ya magrioti, watu wa ukoo wa kusifu, kupiga ngoma na kutunza kumbukumbu za nasaba. Waserer waliamini kwamba grioti akizikwa ardhini mvua itakosekana na shamba halitazaa, hivyo maiti yake ilipitishwa katika tundu la mbuyu na kuachwa humo. Wageni wengi husimuliwa jambo hili kana kwamba lilikuwa heshima tupu. Mimi naliona lina sura mbili, kwa sababu mtu aliyehitajika katika kila harusi na kila kutawazwa kwa mfalme ndiye aliyenyimwa udongo wa kuzikiwa. Desturi hiyo ilipigwa marufuku mwanzoni mwa miaka ya 1960, wakati wa urais wa Léopold Sédar Senghor, ambaye mwenyewe alikuwa Mserer wa Joal. Katika hifadhi ya Bandia, kilometa zipatazo 65 kutoka Dakar, bado upo mbuyu ambao mafuvu na mifupa huonekana ndani yake, na magari ya watalii husimama hapo wakiwa njiani kwenda kutazama twiga walioletwa kutoka Afrika Kusini. Watu walipiga picha za mifupa kama walivyopiga za twiga. Ningekuwa na kauli, tundu hilo lingefunikwa.

Ukiacha mibuyu, usikose kuuangalia mti ambao Waserer huuita saas, jamii ya mgunga, unaosimama peke yake peke yake katika mashamba ya mawele. Mti huu hupukutisha majani masika yanapoanza, mimea iliyo chini yake ikapata jua, kisha huchanua majani wakati wa kiangazi, ambapo ng'ombe hukusanyika kivulini kula maganda yake na kuacha samadi papo hapo. Hauna kibanda wala kiingilio, na wakulima huulimia pembeni kwa uangalifu ili jembe lisiukate mche wake.