Njia Ninayoichora Baada ya Kurudi

Kwa miaka sita sasa nimekuwa na daftari la kaunta lenye jalada jeusi, na ndani yake zimo safari zangu zote za pikipiki za siku za Jumapili. Kurasa za mwanzo niliziandika kabla ya kuondoka. Ukurasa wa safari ya kwanza ya kutoka kwetu Tanga kwenda Amani, kwenye milima ya Usambara, kwa mfano, unasema hivi: kutoka nyumbani saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Muheza saa moja na robo, chai dakika kumi na tano, Zigi saa tatu kasorobo, Amani saa tatu na nusu. Pembeni ya kila kituo niliacha nafasi ya kuandika saa niliyofika kweli, na ninakumbuka furaha niliyoipata kila mara saa hizo mbili zilipolingana.

Nilifika Amani mara tatu kwa utaratibu huo. Barabara ya kutoka Muheza ni kama kilomita 35, na baada ya Zigi, pale ilipokuwa ikiishia reli ndogo ya Wajerumani, inaanza kupanda kwa kona ndani ya msitu mpaka kwenye bustani za miti ambazo Wajerumani hao walizianzisha mwaka 1902. Katika safari ya tatu nilipita mahali ambapo mama mmoja alikuwa ameanika iliki kwenye mkeka kando ya barabara. Harufu yake iliingia ndani ya kofia yangu ngumu na kukaa humo kwa kona mbili au tatu. Nilitamani kusimama nikamsalimu, nikaulize zinavunwa lini na zinakauka kwa siku ngapi, lakini nilikuwa nimechelewa kwa dakika ishirini, basi nikaongeza moto. Nilipofika juu niliandika saa yangu daftarini, kisha nikagundua kwamba jambo pekee nililokuwa na hamu ya kumweleza mke wangu ni ile iliki ambayo sikuiona vizuri.

Jambo hilo liliniuma kwa wiki nzima, na nikaamua kwamba ratiba ndiyo yenye makosa. Jumapili iliyofuata, mwezi wa sita, upepo wa kusi ukivuma, niliondoka bila kuandika kitu chochote. Nilishika barabara ya Pangani, na baada ya Kigombe nikaona njia nyekundu inayokata kulia kuingia kwenye mkonge. Niliingia kwa sababu tu ilikuwa nzuri.

Aliyekulia Tanga anaujua mkonge tangu utotoni. Tulifundishwa shuleni kwamba uliletwa mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, na kwamba katika miche elfu moja aliyoiagiza kutoka Florida ni 62 tu iliyofika hai na kupandwa karibu na Pangani. Kuusoma na kupotea ndani yake ni mambo mawili tofauti. Mkonge hupandwa kwa mistari iliyonyooka, na njia za shambani zinapishana kwa pembe mraba, kwa hiyo kila njia panda inafanana na ile uliyoiacha nyuma. Hakuna mwembe wa kukumbuka wala nyumba, na majani yanasimama kama mikuki kwa urefu ule ule hadi macho yanapokoma. Nilikunja kushoto, nikakunja kulia, nikajiambia kwamba ninarudi barabarani, na baada ya nusu saa nikakuta alama za tairi kwenye tope laini. Niliposhuka kuzitazama niliona kashata za tairi langu la nyuma, pamoja na lile pengo la kashata moja iliyong'oka.

Saa kumi na moja jioni pikipiki ilikohoa, nikafungua rizevu, ile akiba ya mwisho ya petroli. Simu ilikuwa na chaji kidogo na haikushika mtandao. Hapo ndipo nilipotambua kwamba raha yote ya asubuhi ilikuwa imetegemea mambo ambayo sikuwa nimeyafikiria hata kidogo, yaani petroli, mwanga wa jua na kujua upande ulipo.

Mzee mmoja mkata mkonge alitokea kwenye mstari, akiwa na kisu chake na gunia lililokunjwa begani. Nilimwamkia, akaitika, akanitazama mimi na pikipiki.

"Unaelekea korona?" aliuliza, akimaanisha kiwanda cha kusindika mkonge.

"Hapana, mzee wangu. Natafuta barabara ya Pangani."

"Ulikuwa na shida gani huku?"

"Nilikuwa natembea tu."

Aliinua uso kidogo, kama anayenusa. "Huu upepo unatoka baharini, na barabara iko upande wa bahari. Uupokee usoni. Kila ukifika njia panda, zima mashine, vua hiyo kofia, usikilize shavu lako. Ukiusikia kisogoni, umekosea."

Nilifanya kama alivyoniagiza. Katika kila njia panda nilizima injini, nikavua kofia na kusubiri upepo uniguse, na katika ukimya ule nilisikia majani makavu ya mkonge yakikwaruzana. Nilivuka njia panda nyingi kwa namna hiyo, nikatokea barabarani jua likiwa limekwisha kuzama. Kijana wa genge aliniuzia petroli ya chupa, na nikaingia nyumbani saa mbili na nusu usiku.

Mke wangu alikuwa amekaa kizingitini, simu mkononi. Hakunigombeza. Aliniacha ninawe, nile, kisha akasema: "Mume wangu, mimi sikuulizi ulikwenda wapi. Nakuuliza uliniambia utarudi saa ngapi." Sikuwa nimemwambia. Sentensi ile ilinifunza kuhusu ratiba kuliko safari zangu zote, kwa kuwa nilikuwa nimeifikiria miaka yote kama jambo langu mimi na barabara, na sikuwahi kuona kwamba kuna sehemu yake ambayo ni mali ya mtu anayesubiri.

Tangu hapo ukurasa wa kabla ya safari una mistari mitatu tu. Wa kwanza ni wa mafuta: tangi lijae, na likifika nusu mahali nisipopajua, narudi. Wa pili ni saa ya kugeuza, nayo ninaipigia hesabu kutoka saa ya jua kuzama kurudi nyuma. Wa tatu ni upande: upande wa Pangani, au Muheza, au Mkinga. Ukurasa huo ninauacha mezani. Ni wa mke wangu, na kona za njiani ni zangu.

Rafiki zangu wawili ninaoendesha nao mara moja moja hawakubaliani nami. Wao hufuata mstari wa ramani ya simu toka mwanzo hadi mwisho, nami siwalaumu, kwani mkiwa watatu huwezi kumlazimisha kila mmoja alipie tamaa ya mwingine kwa pancha. Ninapokwenda nao, ninafuata mstari.

Ninapokwenda peke yangu, nasimama. Ndivyo nilivyofika Tongoni, kama kilomita 20 kutoka mjini, mahali ambapo nilikuwa nimepita mara nyingi mno kwa sababu daftari lilisema Pangani saa mbili kamili. Kuna gofu la msikiti wa mawe ya matumbawe, na makaburi yanayokaribia arobaini, mengine yakiwa na nguzo, yaliyojengwa na Waswahili karne nyingi zilizopita. Kwenye nguzo moja kuna vishimo vya mviringo ambamo zamani zilipachikwa bakuli za kaure. Bakuli hazipo tena. Nilitazama kishimo kimoja kwa karibu, nikaona ukingo wa chokaa bado umeshika umbo la bakuli, laini kama ulivyoachwa na fundi aliyeibonyeza pale kwa mkono wake. Nilikaa hapo zaidi ya saa moja, kisha saa ya kugeuza ikafika nami nikageuza. Pangani sikuiona siku ile, na sikuona kwamba nimekosa kitu.

Njia yenyewe siku hizi ninaichora usiku, baada ya kurudi, kwa kalamu ya risasi, mke wangu akiuliza na mimi nikijibu. Nimechora Tongoni. Nimechora pia njia ya Amani upya, na mahali pa mkeka wa iliki nimepatia alama, kwa kuwa nilirudi nikamkuta yule mama, naye akanifungia iliki kidogo kwenye karatasi. Ukurasa wa mkonge bado haujakamilika. Kati ya pale aliposimama yule mzee na barabara ya Pangani nimeacha peupe, kwani nilikuwa nasikiliza shavu na sikuhesabu njia panda. Kusi likirudi nitakwenda tena na tangi lililojaa, niingie asubuhi, nizihesabu.