Corniche ya 1978 na mafuta ya kijani

Nilikanyaga breki mara 4, taa nyekundu ya kwanza ikawaka kwenye dashibodi. Mara ya 6, ya pili nayo ikawaka. Injini nilikuwa nimeizima makusudi na ufunguo nimeuacha kwenye swichi, kwa sababu ndivyo breki za Rolls-Royce za zama zile zinavyopimwa: unahesabu umekanyaga mara ngapi kabla akiba ya presha haijaisha. Gari lenye breki nzima unaweza kuzikanyaga mara 40 au 50 ukachoka wewe kwanza. Hili lilichoka kwenye 4, na uzito wake ni zaidi ya tani 2.

Lilikuwa Corniche ya mwaka 1978, ile ya kufunguka juu, buluu iliyokolea, viti vya ngozi rangi ya maziwa, turubai la paa zito kama godoro. Mimi ni fundi kwenye gereji ndogo nje kidogo ya Crewe, Uingereza. Ufundi niliuanzia Tanga, kwenye malori. Mwenye gari, mzee mstaafu, alilinunua mnadani na kulileta kwetu likiwa limebebwa.

Usiku ule nilimtumia mama picha. Akapiga simu palepale.

"Mwanangu, hilo si gari la malkia? Angalia usije ukalikwaruza."

"Mama, halishiki breki. Kukwaruza ni habari ndogo."

"Basi usilipande!"

Kesho yake nilifungua kifuniko cha tangi la mafuta ya breki, nikaingiza kipande cha waya chenye pamba nyeupe. Ilitoka na ukijani. Mpira wa kifuniko ulikuwa umevimba, laini kama ulimi wa kuku aliyechemshwa, haurudi tena mahali pake. Hapo nikaelewa, na tumbo likanikata.

Breki za gari hili hazifanyi kazi kama za gari la kawaida. Rolls-Royce walichukua leseni ya haidroliki kwa Citroën, Wafaransa, wakaiweka kwenye gari lao la Silver Shadow la mwaka 1965, na Corniche ni mtoto wa Shadow. Katikati ya injini ya V8, chini ya kabureta, kuna pampu mbili ndogo zinazosukumwa na kemshafti, ule mhimili unaofungua valvu za injini. Zinajaza matufe mawili ya chuma yenye naitrojeni ndani, na presha inafika kiasi cha paundi 2,500 kwa inchi ya mraba. Pedali yenyewe haisukumi mafuta kwenda kwenye magurudumu, inafungua valvu tu. Presha hiyohiyo ndiyo inayonyanyua matako ya gari ukipakia mizigo, likae sawa.

Sasa, mafuta. Gari la 1978 linatumia mafuta ya breki yanayoitwa RR363. Ndani yake wametia kiasi kidogo cha mafuta ya nyonyo ili kulainisha zile pampu. Ndiyo, nyonyo, yale ambayo bibi yangu alikuwa akitunywesha shule zikifungwa. Miaka ya mwanzo ya 80 kampuni ikahamia mafuta ya madini, ya kijani, na Corniche za baada ya hapo zinayatumia hayo. Kwa macho magari ni yaleyale. Lakini mipira ya mfumo wa zamani ikiguswa na mafuta ya madini inavimba, inalegea, mwisho inakuwa uji. Fundi fulani kabla yetu aliona kiwango kimeshuka, akaongeza kijani. Huenda aliwahi kushika Corniche ya baadaye. Sitaki kumlaani sana. Hata mimi mwaka wangu wa kwanza huku ningeweza kufanya hivyohivyo.

Kumwaga na kujaza upya hakusaidii. Mpira uliokwisha kunywa hautapiki. Ilibidi kila chenye mpira kitoke.

Bosi wangu aliingia kiwanda cha Rolls-Royce cha Crewe akiwa kijana. Alivuta stuli, akasimamia wiki ya kwanza yote kwa mdomo. Jambo la kwanza alilonikataza ni kugusa nati yoyote kabla sijamaliza presha. Injini hata ikilala siku mbili, matufe yanaweza kuwa bado yamebeba, na mafuta yakiruka kwenye tundu dogo kwa presha ile yanapenya ngozi kama sindano. Nikakanyaga pedali mpaka mguu ukafa ganzi, kisha nikafungua skrubu za kutolea upepo taratibu, nimegeuza uso. La pili ni rangi. RR363 inakula rangi. Nilitandika kanga kuukuu iliyolowa maji juu ya kila ubavu, na ndoo ya maji pembeni. Kanga zile zilitoka nyumbani, na malipo yake bado nadaiwa.

Breki hizi zina mifumo miwili, na magurudumu ya mbele yana kalipa (vibanio vya breki) mbili kila moja, moja kwa kila mfumo, ili mmoja ukifa mwingine ubaki. Kwa hiyo kazi ya mbele ni mara mbili. Pistoni mbili zilikuwa na kutu, nikaagiza mpya. Mabomba ya chuma niliyasafisha kwa spiriti, nikapuliza, nikarudia mpaka pamba ikatoka nyeupe. Hozi zote mpya. Pampu nilizifungua mezani juu ya karatasi nyeupe. Kapistoni ka kila pampu ni kadogo kuliko kidole changu cha mwisho, kamesuguliwa hadi kanateleza kenyewe kakilowa. Nilikaa nako mkononi muda mrefu kuliko kazi ilivyotaka. Watu huja gereji wakapiga picha na ile sanamu ya mwanamke wa fedha juu ya grili, iliyochongwa na Charles Sykes mwaka 1911. Mimi ningewaonyesha hako kapistoni.

Bosi akipiga hadithi mikono ikiwa kazini. Bodi hii, alisema, haikutengenezwa Crewe, ilitengenezwa London na Mulliner Park Ward, nyumba mbili za mabodi zilizounganishwa mwaka 1961. Na jina la Corniche lilikuwa na mkosi: bodi ya gari la majaribio la Bentley lenye jina hilo iliteketea kwa mabomu huko Dieppe, Ufaransa, mwaka 1939. Halafu tarehe 4 Februari 1971 Rolls-Royce yenyewe ikafilisika, imezamishwa na gharama za injini ya ndege, RB211. Mwezi uliofuata, Machi, wakazindua Corniche! Huku wafilisi wako ofisini. Bosi alicheka mpaka akakohoa. Leo kiwanda kile cha Crewe kinatengeneza Bentley, na Rolls-Royce zinatoka Goodwood tangu 2003, chini ya BMW. Habari hiyo aliipita haraka, na mimi sikumchokonoa.

Wiki ya tano nikajaza RR363. Kutoa upepo kulichukua siku nzima, kwa sababu nilipitwa na skrubu moja ya nyuma na pedali ikawa inazama kidogo. Nikarudia yote. Kisha nikawasha injini, nikaingoja. Taa ya kwanza ikazima, nikasubiri, ya pili ikazima. Nyuma ya gari ikanyanyuka polepole, kama mtu mzima anavyoinuka mkekani.

Nikazima. Nikaanza kuhesabu kwa sauti. Bosi alisimama mlangoni na chai. Kwenye 30 akaacha kunywa. Kwenye 52 nikaacha mimi, goti linaniuma, na taa zote mbili bado ziko kimya.

Mwenye gari alipokuja tulishusha turubai, tukaenda hadi barabara ya mashamba. Breki ya gari hili ukiigusa haina mchezo wa mguu, inashika kabla hujamaliza kufikiria. Alijaribu mara tatu bila sababu, kofia yake ikaruka, tukarudi kuiokota.

Kabla hajaondoka nilibandika kipande cha plasta nyeupe juu ya kifuniko cha tangi, nikaandika kwa Kiingereza: RR363 tu. Chini yake nikaongeza kwa kalamu hiyohiyo, kwa Kiswahili: USITIE KIJANI. Akauliza maana yake, nikamwambia. Akasema iachwe.