Nilivyoinasa picha ya uongo ya chui na mtoto mweusi

Mwezi uliopita, saa nne usiku, Mama mwenye kampuni ya safari ninakoongoza watalii alinitumia picha WhatsApp ikiwa na neno moja tu: "Kaka?" Chui jike amejilaza juu ya tawi, watoto wawili kifuani, mmoja wa kawaida na mwingine mweusi tii. Nyuma yao jua linazama na twiga wanne wamesimama. Chini imeandikwa Kreta ya Ngorongoro. Mgeni wetu wa Uingereza aliipata kwa mtu anayeuza safari mtandaoni, na sasa alitaka tumpeleke kwenye mti huohuo. Alikuwa karibu kulipa.

Ningekuwa yule wa mwaka 2017 ningejibu palepale kwamba ni uongo. Niliweka simu chini kwanza, na sababu ninayo. Julai ya mwaka ule, nikiwa na miaka miwili tu kazini, wageni walinionyesha picha ya simba jike wa Ndutu, ndani ya hifadhi ya Ngorongoro, akinyonyesha mtoto wa chui. Niliwaambia kwa sauti ya mtaalamu kwamba imechezewa kwenye kompyuta, kwa kuwa simba akikuta mtoto wa chui humuua. Kumbe ni ya kweli. Simba yule anaitwa Nosikitok, na shingoni alivaa kola ya watafiti, mkanda wa kumfuatilia anakokwenda, ambayo pichani inaonekana wazi kabisa. Mimi sikuitazama kola, nilitazama maajabu. Wageni wangu waliisoma habari kamili siku mbili baadaye tukiwa bado njiani, na kile kimya cha ndani ya gari ninakikumbuka hadi leo. Niliwaomba radhi, lakini nilijua nimewapotosha watu walioniamini.

Tangu hapo siulizi tena kama jambo linawezekana. Mtoto mweusi kwa mama mwenye madoa linawezekana sana: weusi wa chui ni urithi unaojificha, mama anaubeba bila mwenyewe kuwa mweusi. Chui weusi wapo Laikipia, Kenya, na picha za mmoja wao zilizopigwa kwa kamera za kutegwa zilizunguka dunia nzima Februari 2019. Ukizikuza utaona madoa yamo ndani ya ule weusi, kama maua kwenye kanga iliyochujuka. Yule mtoto wa kwenye simu yangu alikuwa mweusi kama masizi ya sufuria, hana doa. Nilitilia shaka, ila jua la kuzama linaweza kuficha mengi, kwa hiyo sikumhukumu kwa hilo.

Ushauri nilioupata ulinichosha. Kijana wetu wa ofisini alisema niiweke kwenye tovuti ya kupima picha za akili mnemba. Nikalipia, kama elfu ishirini hivi, ikasema picha ni halisi. Nikaijaribu kwa picha yangu mwenyewe ya fisi, niliyoipiga kwa simu nikiwa nimekaa kwenye usukani, ikasema imetengenezwa! Mwingine akaniambia nihesabu vidole. Chui amelala, kucha zimefichwa ndani, utahesabu nini? Mwingine akasema nitazame taarifa za kamera zilizomo kwenye faili. Picha ikitumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida taarifa zile hufutwa, iwe ya kweli au ya uongo.

Twiga ndio walionifungulia mlango. Chini ya kreta hakuna twiga. Faru wapo, simba wapo, tembo madume wapo, lakini twiga hawashuki kule, na kila anayeshusha wageni kreta analijua hilo. Nikawakuza. Madoa yao yamekatwa na mistari myeupe iliyonyooka kama wavu, na hao ni twiga wa Samburu na kaskazini mwa Kenya. Wa kwetu, twiga wa Kimasai, doa lake limechanikachanika kingo kama jani lililoliwa na wadudu. Basi maandishi yalikuwa ya uongo. Ila picha yenyewe bado ingeweza kuwa ya kweli, imepigwa Samburu ikabandikwa jina la Ngorongoro. Wengi huishia hapo, na hapo ndipo wanapokosea.

Kuna jambo ambalo watu wa mjini hawalifikirii. Hakuna binadamu aliyekaa chini ya chui mwenye watoto akapiga picha moja. Wageni wangu hupiga mia mbili, nusu yake mikia na majani. Tena chui wa namna hiyo akionekana kreta, redio za magari zote zinapiga kelele, na nusu saa haiishi mmezungukwa na magari ishirini. Nilipigia wenzangu watatu wanaoshuka kreta kila wiki. Hakuna aliyesikia lolote. Nikamwambia Mama amwombe mgeni, naye amwombe yule muuzaji, picha iliyotangulia na iliyofuata.

Siku mbili zikapita, ikaja moja. Tawi lilelile, watoto walewale, mama ameinua kichwa. Ilikuwa nzuri mno, nikakaribia kukubali.

Halafu nikakumbuka mashavu. Sisi chui tunawatambua kwa madoa madogo ya kwenye mistari ya sharubu, na hasa yale machache yaliyojitenga juu ya mstari wa juu kabisa. Hayo hayabadiliki toka utotoni hadi kufa. Nikapiga picha ya skrini ya shavu la kushoto kwenye picha zote mbili, nikaziweka sambamba kwenye kompyuta ya binti yangu. Picha ya kwanza: juu ya mstari kuna madoa mawili, moja nene karibu na pua. Ya pili: madoa manne, membamba, yamepangana kama nukta za daftari. Ni chui wawili tofauti! Nikahamia kwenye tawi. Kifundo cha mti kilichokuwa chini ya mkono wa mama, sasa kiko upande wa mkia. Chui anaweza kuhama, kifundo hakihami. Picha zimetengenezwa. Nilimwamsha mke wangu saa sita ile nimwonyeshe.

Mashavu yakiwa na ukungu, tumia madoa ya paji la uso, yanafaa vilevile.

Mama aliogopa tutampoteza mgeni. Nilimtumia mgeni mashavu yale mawili yamewekwa pamoja, kisha picha zangu za chui wa Seronera, katikati ya Serengeti, juu ya mti wa mwegea, thelathini na mbili mfululizo, pamoja na zile zilizotikisika. Alilipa wiki hiyohiyo. Anakuja Agosti, na juzi ameniuliza kama picha zake zitakazoharibika azifute ili kamera isijae. Nimemwambia asifute hata moja, nitamletea kadi nyingine.